Namna ya Kuamua Kutoposti Ulichokiandika

Swali hili linarudi kila mara kwa maneno tofauti: "Nimeshaandika yote, kidole kiko kwenye kitufe, lakini moyo unasita. Niposti au niache?" Likifuatiwa na mengine: nikiacha si ndio woga huo? Nikifuta nitajuta? Na haya yote niliyoyaandika niyapeleke wapi? Nimekusanya majibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kufuata hatua kwa hatua, ili mtu mwenye andiko mkononi asianze kutafuta ushauri huku damu inachemka.

Uko na wenzako wengi. Mwaka 2013 watafiti wawili, Sauvik Das na Adam Kramer, walichapisha utafiti kuhusu watumiaji wa Facebook wapatao milioni 3.9. Katika siku 17 walizofuatilia, asilimia 71 ya watumiaji hao walianza kuandika kitu angalau mara moja kisha hawakukituma. Wengi wetu hufanya hivyo kwa silika tu: tunaandika, tunasita, tunafuta, tunaondoka na dukuduku lile lile tulilokuja nalo. Mimi naamini kutoposti ni uamuzi kamili wa mwandishi, unaostahili umakini uleule wa kuposti. Ukiufanya vizuri, unalala. Ukiufanya nusunusu, andiko linakufuata hadi kitandani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Andiko lenyewe, likiwa limekamilika. Kama bado hujamaliza kuandika, maliza kwanza. Usijichuje ukiwa katikati. Utapima nini kama hakijawa kitu?
- Mahali pa kulihifadhi ambapo hapana kitufe cha kutuma: daftari, programu ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu, au faili ambalo hujalishea na mtu.
- Usiku mmoja. Hiki ndicho watu hukataa kutoa, na ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote.
- Mtu mmoja asiyehusika na jambo hilo, wa kulisoma andiko kabla hujaamua, ambaye anaweza kukwambia "hapana" na mkabaki marafiki. Ukimkosa, endelea tu.

Hatua ya 1: Litoe andiko kwenye kisanduku cha kuposti

Nakili andiko lote, libandike kwenye mahali pako pa kuhifadhi, hakikisha limefika hadi neno la mwisho, kisha rudi ukafute lile la kwenye kisanduku. Fanya hivi kabla ya kufikiri chochote kingine. Ukiwa ndani ya kisanduku, kitufe kiko umbali wa kidole kimoja, na kila unaposoma tena sentensi uliyoipenda mkono unawashwa.

Usitegemee rasimu zinazohifadhiwa na mitandao yenyewe. Rasimu za Instagram, kwa mfano, hukaa kwenye simu uliyoandikia. Ukiiondoa programu hiyo, zinaondoka nayo. Isitoshe, rasimu huwekwa pale ili ikusubiri uiposti, nawe hujaamua bado.

Angalizo kwa wanaoandikia kwenye barua pepe: futa anwani ya mpokeaji kabla ya kuandika neno la kwanza. Gmail inakupa nafasi ya kurudisha barua uliyoituma, lakini muda mrefu kabisa unaoweza kuuweka ni sekunde 30. Hasira haijawahi kupoa ndani ya sekunde 30.

Angalizo la pili: kujitumia andiko kupitia kundi "ambalo halina watu wengi" si kuhifadhi. Huko ni kuposti.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya unachotaka kitokee

Chukua karatasi. Juu yake andika: "Andiko hili likisomwa, nataka..." kisha malizia. Lazima umalizie na kitu kinachoweza kuonekana kimetokea au hakijatokea. "Nataka watu wajue" haitoshi. Watu gani? Wakishajua wafanye nini?

Usiiharakishe hatua hii, kwa sababu maandiko mengi huamuliwa hapahapa. Majibu ninayoyaona yakijirudia ni haya.

*Nataka anirudishie pesa zangu.* Hapo posti ni chombo kibaya. Mtu akidaiwa mbele ya kadamnasi, kazi yake ya kwanza inakuwa kutetea jina lake, na deni linageuka mjadala wa nani mwongo. Andiko lako hilohilo, likipunguzwa hadi tarehe, kiasi na makubaliano, linakuwa barua ya madai nzuri sana. Mpelekee yeye mwenyewe, na ubaki na nakala.

*Nataka aniombe radhi.* Jiulize kama unamjua mtu yeyote aliyewahi kuomba radhi kwa dhati huku mamia wanamtazama. Radhi inayotolewa chini ya macho ya watu mara nyingi ni ya kuwatuliza watazamaji. Kama radhi ndiyo haja yako, mpe nafasi ya kuitoa bila kuaibika.

*Nataka wengine wasidhulumiwe kama mimi.* Hili ni jibu zito, liweke kando hadi hatua ya 6.

*Nataka nionekane nina akili, au nina haki, kuliko fulani.* Jibu hili ni la kawaida, na aliyeweza kuliandika kwenye karatasi amefanya kazi ngumu tayari. Mara nyingi ukishaliona kwa mwandiko wako mwenyewe hamu inapungua.

*Nataka kupumua tu.* Basi umeshapumua. Kuandika ndiko kulikokupa pumzi hiyo. Wasomaji hawakuongezei nafuu. Wanakuongezea majibu ya kusoma, na kila jibu linakurudisha palepale ulipotaka kutoka.

Hatua ya 3: Lisome kama watu watatu

Lisome kwa sauti, mara tatu, kila mara ukiwa mtu mwingine.

Kwanza, uwe yule unayemwandikia au unayemwandika. Tafuta sentensi ambayo angeweza kusema kwa haki, "hapa umeongeza chumvi." Ikiwepo hata moja, ataishika hiyo na yale mengine yote ya kweli yatapotea.

Pili, uwe mgeni kabisa. Mgeni huyu hajui mlikotoka, hajasoma aya zako za mwanzo, na kilichomfikia ni skrinishoti ya mistari minne tu. Ili ufanye zoezi hili sawasawa, tafuta sentensi kali kuliko zote, ikate, ibandike kwenye ukurasa mtupu, uisome ikiwa peke yake. Usijitetee kwamba aya inayofuata inafafanua. Aya inayofuata haisafiri. Kinachosafiri ni ile sentensi kali, na mara nyingi ndiyo hiyohiyo uliyojivunia ulipoiandika. Ukiona huwezi kusimama nyuma ya sentensi ile ikiwa peke yake, una sababu tosha ya kutoposti andiko lilivyo.

Tatu, uwe mtu mwenye sauti juu ya riziki au maisha yako: mwajiri wa kesho, mwalimu, mkwe, mteja. Hapa usipime kama atakubaliana nawe. Pima kama ungekuwa tayari kulijadili naye ana kwa ana, uso mkavu. Kumbuka pia kwamba posti ya wazi inaweza kubaki kwa wengine hata ukiifuta. Wayback Machine, hazina ya kurasa za intaneti inayoendeshwa na Internet Archive, imekuwa ikinasa kurasa tangu mwaka 1996. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ilihifadhi posti zote za wazi za Twitter, kuanzia za mwaka 2006 hadi mwisho wa 2017, kabla ya kuanza kuchagua chache. Aliyefuta yake hana njia ya kujua ni nani amebaki na nakala.

Hatua ya 4: Hesabu watu waliomo ndani

Orodhesha kila mtu anayetajwa au anayeweza kutambulika. Mara nyingi tunasema "ni habari yangu mwenyewe," na kweli ni yako, lakini ndani yake kuna mama, mtoto, mpenzi wa zamani, mgonjwa, mfanyakazi mwenzako. Hawa hawakuombwa ruhusa.

Mtoto hawezi kutoa ruhusa inayoeleweka. Kwa maoni yangu habari yoyote inayomwaibisha mtoto, hata ikiwa inachekesha sana, isipostiwe. Hii ndiyo kanuni pekee katika mwongozo huu ambayo siiwekei "labda".

Kosa linalojirudia: kuondoa jina na kudhani umemficha mtu. Kazi yake, mwezi jambo lilipotokea na uhusiano wenu vinatosha kumtambulisha kwa yeyote anayewajua nyote wawili, na hao ndio wasomaji wako wa kwanza. Angalia na picha. Picha ya simu inaweza kubeba ndani ya faili lake saa na mahali ilipopigwa, na hata mitandao inayoondoa taarifa hizo haiondoi bango, namba ya gari au sare ya shule inayoonekana nyuma.

Kuna na upande wa sheria. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, anayeshtakiwa kwa kumchafulia mtu jina ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli. Kujua moyoni hakutoshi. Unatakiwa uwe na ushahidi. Na kusema "nimesikia tu" au "nanukuu wengine" kwa kawaida hakukuondoi hatiani, maana anayerudia kashfa huhesabika ameitoa. Kama andiko lina tuhuma na huna karatasi, ujumbe au shahidi wa kusimama nawe, jibu limepatikana.

Hatua ya 5: Lilaze

Weka andiko kando hadi kesho yake, ukishalala na kula. Usilihariri usiku. Usilisome tena kabla ya kulala.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Julai 1863, baada ya vita vya Gettysburg, jeshi la adui chini ya Jenerali Lee lilishindwa lakini likafanikiwa kuvuka mto na kuponyoka. Lincoln alikasirika. Tarehe 14 mwezi huo alimwandikia kamanda wake, Jenerali George Meade, barua ya kumweleza jinsi alivyosikitika kwamba nafasi ya kuimaliza vita imepotea. Meade siku hiyohiyo alikuwa ameomba kuachia ukamanda, baada ya kusikia kwamba rais hakuridhika naye. Barua ile haikutumwa. Ilikutwa kwenye makaratasi ya Lincoln, kwenye bahasha yenye maelezo kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Meade aliendelea kuliongoza jeshi lile hadi vita vilipokwisha mwaka 1865.

Kinachonivutia zaidi ni ile bahasha. Lincoln hakuichana barua, wala hakuitupa kwenye droo akaisahau. Aliitunza na akaandika uamuzi wake juu yake. Tutalirudia hilo kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 6: Tenganisha woga na busara

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na wana haki ya kukwama. Kunyamaza kumewaficha wadhalimu wengi. Sitaki mtu autumie mwongozo huu kuzika jambo linalopaswa kusemwa.

Jiulize: nikiliacha, nani anaumia?

Kama jibu ni "mimi, kwa siku mbili tatu," liache. Dukuduku la siku mbili linapita.

Kama jibu ni "hakuna, ila nitaonekana mnyonge," liache pia, ingawa hili linauma zaidi.

Kama jibu ni mtu mwingine, hasa asiyeweza kujisemea, kama vile mtoto anayepigwa, wafanyakazi wanaonyonywa au watu wanaouziwa kitu cha hatari, hapo huamui tena kusema au kunyamaza. Unaamua useme wapi. Andiko lako bado lisipostiwe leo, lakini lisiishie kwenye daftari: lipeleke kwa mamlaka inayohusika, kwa mwanasheria, kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mwandishi wa habari anayejua kuthibitisha mambo na kulinda chanzo chake. Likipita kote huko likapuuzwa, kuposti kunakuwa hatua iliyofikiriwa, ukiwa na tarehe na ushahidi mkononi.

Woga una dalili yake: sababu zinabadilika kila unapozijibu. Ulisema "nitakosea tarehe," ukazihakiki tarehe, sasa unasema "wataniona najipendekeza." Busara huwa na sababu moja au mbili, na zinabaki zilezile asubuhi.

Hatua ya 7: Amua, na uandike uamuzi juu ya andiko

Juu kabisa ya andiko weka tarehe, neno "Halipostiwi", na sababu moja. Mfano: "Halipostiwi. Lina siri ya dada." Au: "Halipostiwi. Nilichotaka ni radhi, nimempigia simu." Usipoandika sababu, baada ya miezi mitatu utalikuta, utalipenda, na utaliposti ukiwa umesahau kwa nini uliliacha.

Kisha chagua moja: kulitunza, kumpelekea mtu mmoja linayemhusu, kulivunja na kutumia vipande vyake kwingine, au kuliteketeza.

Ukichagua kuliteketeza, liteketeze kweli. Faili ulilolifuta kwenye Google Drive hukaa kwenye pipa la taka siku 30 kabla ya kuondoka. Kumbukumbu ya Google Keep hukaa siku 7. Ingia kwenye pipa ulifute na huko, na uangalie kama simu nyingine au kompyuta iliyounganishwa na akaunti yako imebaki na nakala.

Mimi huwashauri wengi walitunze. Kuliteketeza kunafaa pale andiko lenyewe likionekana na mtu wa nyumbani litaleta madhara.

Hatua ya 8: Usiachie harufu

Umeamua kunyamaza, basi nyamaza kweli. Kosa kubwa la mwisho ni kuweka stetasi ya mafumbo: "Kuna watu ningewaanika leo, ila Mungu yupo." Hapo umepata hasara zote za kuposti bila faida hata moja. Kila anayesutwa na dhamiri atajiona ndiye, wasiohusika watapigiana simu, na yule uliyemkusudia huenda asijue kabisa.

Vivyo hivyo usiwapelekee marafiki watano "wakuone tu ulivyoandika." Ulihitaji msomaji mmoja, naye ulishampata mwanzoni. Orodha ya marafiki wa karibu kwenye mitandao nayo haizuii skrinishoti.

Ikikwama

*Nimebonyeza kwa bahati mbaya.* Futa kwanza, fikiri baadaye. Kwenye WhatsApp unaweza kuwafutia wote ujumbe kwa takriban siku mbili tangu uutume, na kuuhariri ndani ya dakika 15, lakini alama ya kwamba kuna ujumbe umefutwa hubaki. Chukulia kwamba kuna aliyeona. Mtumie mhusika ujumbe mfupi wa moja kwa moja, na usiandike posti ya pili kueleza ya kwanza.

*Nimeamua, lakini kila saa narudi kulisoma.* Jambo lenyewe halijaisha. Soma tena karatasi ya hatua ya 2: ulichokitaka kitokee umekifanyia nini tangu siku ile? Ukikifanyia kitu kimoja, hata simu moja, hamu ya kulirudia andiko hupungua sana. Wakati huohuo lihamishe mahali pasipofikika kwa urahisi, kama daftari au kifaa ambacho hukibebi.

*Ni zuri mno kuliacha.* Huenda ni kweli. Uzuri wake uko wapi? Mara nyingi ni aya moja yenye hoja inayosimama bila mtu yule aliyekukera. Itoe, iandike upya kuanzia pale, uone kama inaishi. Ikifa bila jina lake, ilikuwa ni hasira iliyopangwa vizuri.

*Watu wanajua nimeandika na wananiuliza.* Jibu: "Niliandika, nimeamua kubaki nalo." Huna deni la maelezo zaidi, na ukianza kueleza yaliyomo utakuwa umeliposti kwa mdomo.

*Mwingine ameposti jambo lilelile, anasifiwa.* Hilo linauma. Soma sababu uliyoandika juu ya andiko lako. Kama bado inasimama, sifa zake hazijaibadilisha. Kama sababu yako ilikuwa kwamba huna ushahidi na yeye anao, unaweza kumpa yako ya kuunga mkono, faraghani.

*Imepita miezi, sasa nataka kuliposti.* Unaruhusiwa. Ila usianzie kwenye kitufe. Anzia hatua ya 2 na karatasi mpya, maana unachokitaka leo huenda si kile ulichokitaka siku ile, na waliomo ndani nao wamebadilika: kuna aliyefariki, kuna mliyepatana, kuna mtoto ambaye sasa anajua kusoma.